Aliyeuguliwa naye alale wapi?

Kuna vitenzi viwili vya Kiswahili ambavyo kila mwaka huwatatiza wanafunzi wangu tunapofikia somo la mnyambuliko. Cha kwanza ni kufiwa. Cha pili ni kuuguliwa. Ukisema mtoto amekufa, umetoa habari ya mtoto. Ukisema mama amefiwa, umetoa habari ya mama, naye ndiye kiima cha sentensi. Hali kadhalika mtoto huugua, lakini mama huuguliwa. Lugha ya Kiingereza hulazimika kuzunguka kwa maneno mengi ili ifike hapo, ilhali Kiswahili, sawa na ndugu zake wengi wa Kibantu, kimelitengea jambo hilo umbo lake ndani ya kitenzi. Waliotuachia lugha hii walitambua kwamba maradhi ya mtoto hayampati mtoto peke yake.

Hospitali zetu hazijaisoma sarufi hiyo. Mtoto anapolazwa, hupewa nambari, faili, kitanda na sahani. Aliyeuguliwa hapewi kitu. Mchana huitwa mgeni, usiku huitwa msongamano.

Nayasema haya si kwa kuwa nimeyasoma vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita dada yangu mdogo, mkaazi wa Bunyala katika Kaunti ya Busia, aliuguliwa na mwanawe wa miaka sita. Ilianza kama uvimbe wa taya. Watu walidhani ni jino, na jino likang'olewa. Wiki mbili baadaye uvimbe ulikuwa umelisonga jicho. Zahanati ikampeleka hospitali ya kaunti, na hospitali ya kaunti ikamwandikia barua ya kwenda hospitali moja kubwa ya rufaa, ambayo sitaitaja kwa sababu madaktari wake walimtibu mtoto kwa bidii, na kwa sababu kasoro ninayotaka kuizungumzia si yake peke yake. Huko ndiko tulikoambiwa kwamba ni saratani ya Burkitt.

Jina hilo latokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na aliyeueleza ugonjwa huo katika makala ya mwaka 1958. Huwashambulia zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, yaani kandokando ya Ziwa Viktoria na kwenye mwambao wetu. Hukua kwa kasi ya kutisha. Hata hivyo, ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa upesi mno, hata uvimbe ukaanza kunywea siku chache tu baada ya dawa ya kwanza. Kwa hiyo ni ugonjwa wenye hila. Mzazi huuona uso wa mwanawe umerejea ulivyokuwa, akashukuru Mungu, akafunga mzigo wake kwenda nyumbani, kumbe awamu za dawa zilizosalia ni nyingi kuliko zilizokwisha.

Msomaji ambaye hajawahi kuuguliwa kwa namna hii huenda akadhani kwamba mtoto wa saratani hulazwa siku ya kwanza akatoka siku ya mwisho. Mambo hayako hivyo. Dawa hizi kali, ziitwazo kimotherapi, hutolewa kwa awamu. Mtoto hulazwa siku chache akatiwa dawa kwa mshipa, kisha husubiri wiki mbili au tatu mwili ujikusanye kabla ya awamu nyingine. Hapo katikati ndipo penye hoja yangu. Mtoto huyu si mgonjwa wa kutosha kuendelea kukikalia kitanda cha wadi, wala si mzima wa kutosha kwenda mbali. Dawa ile ile inayoua saratani huziangusha pia chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Katika siku hizo homa si homa. Ni dharura, na mtoto anahitaji kupata dawa ya mshipani katika muda wa saa moja au karibu na hapo, wala si baada ya safari ya usiku kucha ndani ya basi.

Haya yote mimi sikuyajua. Wiki ya kwanza dada yangu alilala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe, juu ya leso mbili, na saa kumi na moja alfajiri mamazao wote waliamshwa watoke ili wadi ipigwe deki. Alioga kwa kuvizia. Nguo za mtoto alizianika kwenye ua la waya na kukaa karibu nazo zisiibwe. Chakula kilichokuja kwa toroli kilikuwa cha mtoto, naye alikula kilichosazwa, na mtoto mwenye vidonda vya mdomo kwa ajili ya dawa husaza kingi, kwa hiyo alikula. Nilipomwuliza kwa simu anaendeleaje alijibu, "Tuko sawa, kaka," na mimi, niliye na shahada tatu za lugha, sikung'amua kilichofichwa na neno sawa.

Awamu ya kwanza ilipokwisha tuliambiwa mtoto atoke, arudi baada ya siku kumi na nne. Mji ninaofundisha uko mwendo wa saa tatu kutoka hospitali hiyo. Tulikuwa na binamu aliyepanga chumba kimoja karibu zaidi, naye alimpokea dada yangu kwa moyo mkunjufu. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na katika chumba cha mjini hakuna shamba la kulimwa. Kulikuwa na watoto wawili wenye mafua, godoro moja, na mke wa binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi za usiku na kulala mchana. Sikumlaumu mtu hata mmoja wakati huo, wala sasa simlaumu. Nilifanya hesabu ya lojingi ya bei rahisi kwa siku kumi na nne nikaona itazidi mara kadhaa nauli ya kwenda Busia na kurudi. Basi nikamshauri dada yangu aende nyumbani, akapumzike, akawaone watoto wengine, nami nitatuma nauli ya kurudi.

Siku ya tisa mtoto akashikwa na homa usiku. Hospitali ya karibu haikuwa na dawa iliyohitajika, na hata kama ingekuwa nayo, aliyekuwa zamu hakujua kwamba homa ile si malaria. Walimtia dawa ya malaria. Kulipokucha tulikodi gari, na walipofika hospitali ya rufaa jioni mtoto hakuwa akimtambua mama yake. Alikaa siku kumi na moja katika chumba cha mahututi. Alipona. Leo yuko shuleni na anapenda mpira kuliko hesabu. Lakini kila ninaponyosha kidole kuwashutumu wapangaji wa hospitali huikumbuka hesabu yangu ya nauli na lojingi, na kidole hukosa nguvu kidogo.

Mama mwingine aliyelala upande wa pili wa kitanda hicho alitoka Turkana. Hakujua Kiswahili ila maneno machache, na aliyemtafsiria maagizo ya daktari alikuwa mfanyakazi wa usafi, kijana mwenye huruma aliyeifanya kazi hiyo bila kuajiriwa kuifanya. Baada ya awamu ya tatu mama huyu aliondoka kwenda kuwaona wanawe wanne aliowaacha kwa jirani. Uso wa mtoto wake ulikuwa umekwisha kuwa laini. Hakurudi siku ya miadi, wala wiki iliyofuata. Dada yangu aliendelea kumwekea nafasi kwenye benchi kwa siku kadhaa.

Wataalamu hulipa jambo hili jina la kuacha matibabu. Kama mwanaisimu ninalitilia shaka jina hilo, kwa maana humfanya mzazi kuwa mtendaji, kana kwamba aliketi, akafikiri, akaamua. Wachunguzi waliofuatilia watoto wenye saratani waliogunduliwa katika hospitali ya rufaa ya Eldoret kati ya mwaka 2007 na 2009 walikuta zaidi ya nusu yao hawakuyamaliza matibabu. Wazazi walipoulizwa sababu, hawakusema kwamba hawakuwapenda watoto wao. Walitaja pesa, walitaja bima, walitaja safari. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanapona. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi maskini ni chini ya 30. Wapo wanaodhani tofauti hiyo yote imo ndani ya chupa za dawa. Sehemu yake imo ndani ya basi la usiku.

Tuliipata wapi desturi ya kumwita mama mzazi mgeni wa mwanawe? Si kwa wazee wetu. Kitenzi kuuguza, kilichotupa jina la muuguzi, kilikuwa kazi ya jamaa kabla hakijawa kazi ya mwenye sare nyeupe, na katika hospitali nyingi za misheni za zamani palikuwa na kibanda cha jikoni nyuma ya wadi ambako jamaa walipika na kulala. Saa za wageni tulizipokea pamoja na hospitali za serikali ya kikoloni. Huko Uingereza kwenyewe mtoto aliyelazwa aliweza kukaa juma zima bila kumwona mamaye ila kwa saa chache. Ndipo mwaka 1952 James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi katika kliniki ya Tavistock, London, alipotengeneza filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane, akaonyesha jinsi mtoto huyo alivyonyauka kwa upweke. Madaktari wengi waliichukia filamu hiyo. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na daktari mpasuaji Harry Platt ilitoa ripoti kwa serikali ya Uingereza, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote na akina mama wa watoto wadogo walale nao hospitalini. Sisi tukapata uhuru wetu miaka minne baada ya ripoti hiyo, tukaendelea kuilinda kanuni ambayo wenyewe walikuwa wameanza kuitupa.

Ni kweli kwamba siku hizi mama wa mtoto mchanga haondolewi wadini. Hutakiwa hasa abaki, maana wauguzi ni wachache naye ndiye anayemlisha mtoto, anayemgeuza, anayeita sista dripu inapokwisha. Tumemrudishia kazi ya kuuguza bila kumrudishia pa kulala. Na mtoto akiisha kutolewa kitandani, kibali hicho nacho kimekwisha.

Dawa ya jambo hili inajulikana na si ghali ajabu. Ni nyumba. Nyumba ya vyumba vya kawaida, yenye jiko, mahali pa kufulia, neti na maji ya moto, iliyo mwendo wa dakika chache kutoka lango la hospitali, ambamo mzazi na mtoto hukaa kati ya awamu na awamu. Huko Philadelphia, Marekani, daktari wa saratani za watoto Audrey Evans, Mwingereza kwa kuzaliwa, aliwaona wazazi wakilala vitini na kula vitu vya mashine, akasema kwamba wanahitaji nyumba. Fred Hill, mchezaji wa timu ya Philadelphia Eagles aliyeuguliwa na binti yake kwa saratani ya damu, akawashika mkono wenzake kuchanga pesa pamoja na kampuni ya mikahawa ya McDonald's, na nyumba ikafunguliwa mwaka 1974 kwa jina la kinyago wa kampuni hiyo. Leo nyumba za namna hiyo zinapita 300 duniani. Unaweza kuicheka kampuni inayouza soda na viazi vya kukaanga ikijitangaza mlangoni pa hospitali, nami hucheka, lakini mama aliyelala kitandani hakosi usingizi kwa ajili ya kicheko changu.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Jijini Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linalowahudumia watoto wenye saratani katika hospitali ya Muhimbili lina nyumba ya familia zinazotoka mikoani, nayo inaitwa Ujasiri. Hapa kwetu wafadhili na makanisa wamejaribu hapa na pale, na katika baadhi ya maeneo ya wafugaji zimejengwa nyumba ambamo wajawazito waishio mbali husubiri siku zao karibu na zahanati. Kama tumeelewa kwamba mimba haingoji gari, mbona tushindwe kuelewa kwamba homa ya mtoto mwenye saratani haingoji basi?

Kuna mfano mmoja ambao hunichoma zaidi ya yote. Wakenya wenye uwezo, na wasio na uwezo waliochangiwa kwa harambee, wamekuwa wakienda India kutibiwa kwa miaka mingi. Serikali ya India hutoa viza ya mgonjwa, na pamoja nayo hutoa viza nyingine mahususi kwa mwandamani wake. Maana yake ni kwamba mama wa Bunyala akivuka bahari kumpeleka mwanawe hospitali, kuna dola ya kigeni iliyompa jina na muhuri katika pasipoti yake. Akimpeleka katika hospitali ya nchi yake mwenyewe, jina lake ni mgeni.

Nimezisikia hoja za kupinga. Rafiki yangu mmoja, daktari mwenye kusema kweli, aliniuliza nitajengaje nyumba ya kulala wazazi wakati wadi haina glavu. Swali lake si la kubeza. Lakini nilimwuliza nami: mtoto anayengoja awamu ya pili, na ambaye daktari mwenye busara anaogopa kumruhusu kwenda Lodwar au Lunga Lunga, umemweka wapi? Akanijibu, "Wadini." Basi nyumba tayari tunayo, ila tumeichagua iliyo ghali kuliko zote. Kitanda cha wadi kina zamu tatu za wauguzi, kina maabara nyuma yake, na kina mtoto mwingine mlangoni anayekingoja huku uvimbe wake ukikua. Kitanda cha nyumba ya wazazi kina godoro. Na ile dawa ya awamu tatu aliyotiwa mtoto wa Turkana, dawa iliyonunuliwa kwa fedha za umma au za bima, ilikwenda wapi alipokosa awamu ya nne?

Wengine husema nyumba itageuka gesti ya wakubwa, au wazazi watahamia moja kwa moja. La pili silipi uzito. Sijamwona mkulima anayetamani kuishi kandokando ya hospitali msimu wa kupanda ukiwa umefika. La kwanza nalipa uzito mkubwa, kwa kuwa naijua nchi yangu. Ndiyo maana nyumba hiyo isiwe hisani ya mtu wala zawadi ya kampeni yenye picha ya mheshimiwa ukutani. Iandikwe katika mpango wa matibabu. Daktari anayeandika tarehe ya awamu ijayo aandike katika karatasi hiyo hiyo kitanda cha nyumba ya wazazi, na chumba kifunguliwe kwa karatasi hiyo, si kwa kujuana. Na ulinzi wake uwe wa akina mama wenyewe, ambao nimewaona wakigawana sabuni kwa haki kuliko kamati nyingi nilizokalia chuoni.

Katika benchi lile la nje ya wadi, nilipokuja kumtazama dada yangu, nilikuta kitu ambacho sikukitarajia. Mama wa Kigiriama alikuwa akimfundisha mama wa Kikamba jinsi ya kumsukutua mtoto mdomo kwa maji ya chumvi ili vidonda visiote usaha. Dada yangu alikuwa akieleza kwa Kiswahili chake cha Bunyala kwa nini uso ukinywea usidanganyike. Alikuwa amelipata somo hilo kwa gharama kubwa. Hakuna daktari mwenye muda wa kulieleza mara kumi. Mama aliyekwisha kulipitia ana muda huo jioni nzima, mradi awe na mahali pa kuketi na mwenzake apate mahali pa kubaki. Mama wa Turkana angelipata somo hilo hata kwa ishara za mikono.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma za afya, na imeyataja hayo matatu pamoja katika aya moja. Tangu mwaka 2013 afya imekuwa mikononi mwa kaunti, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa. Mwanya uko hapo. Kaunti huandika barua ya rufaa, huipiga muhuri, na kuanzia kwenye muhuri huo mtoto si wao tena. Hospitali ya kitaifa humpokea mtoto, lakini mamaye si wao bado. Hata bima ya afya ya jamii iliyochukua mahali pa ile ya zamani mnamo Oktoba 2024 humhesabu mgonjwa. Mwandamani wake hayumo. Siombi kila kaunti ijenge jumba katika kila mji wenye hospitali kubwa. Kaunti kadhaa zinaweza kuchangia nyumba moja na kulipia vitanda vya watu wao, kama vile wazazi wanavyolipia bweni la shule bila ya kila mmoja wao kujenga bweni lake.

Makadirio ya bajeti ya kila kaunti hutakiwa yawe yamefika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa watoe maoni. Vikao hivyo aghalabu huhudhuriwa na wazee wachache na wanaotafuta zabuni. Safari hii nitakwenda Busia kuhudhuria, na dada yangu amekubali tuandamane. Mimi nimeandika kurasa nne. Yeye amesema hataandika kitu. Atazibeba zile leso mbili, na akiulizwa anataka nini atazitandika sakafuni mbele ya meza yao.